Mfuko wa Nyongo Mkaidi: Jinsi ya Kuujua Kabla Hujaingiza Kamera

Mwaka wangu wa kwanza wa kufanya upasuaji wa matundu madogo bila bosi kusimama nyuma yangu, niliingia thieta saa nane mchana na mgonjwa wa tatu kwenye orodha. Ripoti yake ya ultrasaundi ilikuwa mstari mmoja: "Vijiwe vingi ndani ya mfuko wa nyongo." Saa kumi na moja jioni bado nilikuwa nabandua mafuta ya omentamu (pazia la mafuta linalofunika utumbo) yaliyoshikamana na mfuko kama ukoko na sufuria. Mtungi wa gesi ya kupuliza tumbo ukaisha. Wa akiba ulikuwa stoo, na mwenye ufunguo wa stoo alishapanda daladala. Tukafungua tumbo.

Mgonjwa alipona, akaenda nyumbani. Usiku ule nililirudia faili lake. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa: amelazwa mara tatu, ana kisukari, mara moja macho yalikuwa ya njano. Asubuhi nilikuwa nimelifungua kutafuta kiwango cha damu na fomu ya ridhaa tu.

Mwongozo huu ni kwa daktari anayeanza kusimama mwenyewe kwenye meza ya matundu madogo, na kwa yule wa hospitali ya wilaya anayeandika rufaa. Mgonjwa pia anaweza kuusoma, ila asijipe alama mwenyewe akakimbia upasuaji.

Hatua ya 1: Usiulize "mgumu kiasi gani" kabla hujauliza "mgumu wapi"

Watu wengi huhesabu ugumu kwa saa. Ni sawa, lakini saa hazikuambii uandae nini. Ugumu una sehemu nne za kujificha. Wa kwanza ni wa kuingia tumboni: makovu, utumbo ulioshika ukuta wa tumbo. Wa pili ni wa kuushika mfuko: umejaa usaha na kukaza kama mpira uliojazwa upepo, au ukuta ni mnene hadi koleo linateleza. Wa tatu, ambao ndio unaoharibu maisha ya watu, ni wa kuichambua pembetatu ya Calot, pale mrija wa mfuko na mshipa wake wa damu vinapopita jirani na mrija mkuu wa nyongo. Wa nne ni wa kuubandua mfuko kwenye ini.

Kila utakachokiona kwa mgonjwa, kipeleke kwenye moja ya sehemu hizo nne. Kovu linaelekeza kwenye kuingia. Kijiwe kilichonasa shingoni kinaelekeza kwenye kushika na kwenye pembetatu. Ini lenye makovu linaelekeza kwenye kubandua, na kwenye damu.

Hatua ya 2: Muulize kwa lugha ya maumivu yake, si kwa lugha ya faili

Hapa ndipo penye mavuno makubwa, na hapa ndipo tunapoharakisha kuliko kwingine.

Mgonjwa wetu mara nyingi haji na "vijiwe". Anakuja na "vidonda vya tumbo". Amemeza omeprazole miaka miwili, amepimwa vijidudu vya tumbo, amekatazwa maharage na pilipili, kisha siku moja mtu akamwekea mashine ya ultrasaundi. Katika miaka hiyo miwili mfuko wake umewaka na kupoa mara nyingi. Kila mara ukipoa unaacha kovu, na kovu hilo linakaa kwenye pembetatu ile ile unayotaka kuichambua.

Ukimuuliza, "Umewahi kulazwa kwa uvimbe wa mfuko wa nyongo?" atasema hapana, na atakuwa mkweli. Badilisha swali:

– Maumivu ya kwanza kabisa, ya chini ya mbavu za kulia au chembe ya moyo, yalianza mwaka gani?
– Umewahi kuamshwa nayo usiku ukapelekwa zahanati, ukachomwa sindano au kuwekewa dripu, ukarudi nyumbani?
– Macho yamewahi kuwa ya njano, mkojo ukawa kama chai ya rangi?
– Umewahi kuingizwa mpira mdomoni kutolewa kijiwe?
– Maumivu ya mara ya mwisho yaliisha lini?

Jibu la swali la pili mimi nalihesabu sawa na kulazwa. Vipimo vya alama za kutabiri ugumu vilivyotungwa kwenye nchi ambako kila mwenye homa na maumivu hulazwa vitamdanganya daktari ambaye wagonjwa wake hutibiwa kwa dripu kwenye benchi.

Swali la macho ya njano na la mpira mdomoni, yaani ERCP (kamera inayopitishwa mdomoni hadi kwenye mlango wa mrija wa nyongo), yanakwenda pamoja. Kijiwe kilichopita kwenye mrija mkuu, au mrija uliochokonolewa kwa vifaa, huacha uvimbe kuzunguka eneo lote. Na kuna kijiwe kinachobaki shingoni mwa mfuko na kuubana mrija mkuu kutoka nje, hali aliyoieleza daktari mpasuaji Mirizzi wa Argentina mwaka 1948. Mgonjwa mwenye umanjano na kijiwe shingoni ni Mirizzi mpaka ithibitike vinginevyo. Huyo usimpeleke mezani bila picha ya MRCP (MRI ya mirija ya nyongo) kama inapatikana, na kama haipatikani, mwandikie rufaa.

Swali la mwisho linahusu wakati. Mfuko uliowaka jana au juzi una majimaji kati ya tabaka zake, na majimaji hayo humsaidia mpasuaji: tabaka zinaachana zenyewe. Kadiri siku zinavyosonga, majimaji yanageuka kovu. Ndiyo maana tunapenda kumfanyia mwenye uvimbe wa ghafla ndani ya saa 72 za mwanzo, au angalau ndani ya wiki ya kwanza. Akija siku ya kumi na mbili, anapoa kwa dawa, na hana hatari ya haraka, heri asubiri kama wiki sita. Hesabu siku kuanzia maumivu yalipoanza, si kuanzia alipofika mapokezi. Yule aliyekaa siku tano nyumbani akinywa mwarobaini ana siku tano tayari.

Kisha umri, jinsia na magonjwa mengine. Zaidi ya miaka 50, ongeza tahadhari. Mwanaume, ongeza tahadhari: wanaume hupata vijiwe mara chache kuliko wanawake, ila wakivipata mifuko yao huwa na makovu zaidi. Wengine husema ni kwa sababu wanachelewa kuja. Mimi naamini hilo ni sehemu tu ya maelezo. Mwenye kisukari anaweza kuwa na mfuko uliooza huku analalamika kidogo tu, kwa hiyo tumbo lake laini lisikupe usingizi.

Mgonjwa wa selimundu anastahili aya yake. Chembe zake za damu huvunjika kila siku, hivyo vijiwe vyake huanza utotoni, na macho yake ni ya njano hata akiwa mzima. Usimdhanie ana kijiwe kwenye mrija mkuu kwa kuona macho tu. Tazama bilirubini ya moja kwa moja na ALP, vipimo vya damu vinavyopanda nyongo ikizibwa, upime upana wa mrija. Ugumu wake mara nyingi hauko tumboni bali kwenye kifua na damu: asikae na kiu, asipate baridi mezani, apewe oksijeni ya kutosha, na Hb (kiwango cha damu) ipandishwe hadi karibu gramu 10 kwa desilita kabla ya siku. Daktari wa usingizi amjue mapema, si asubuhi ile ile mlangoni.

Hatua ya 3: Weka mkono tumboni

Mlaze, funua tumbo lote, tazama makovu. Kovu la upasuaji wa kujifungua lililolala chini kabisa, kwenye mstari wa nguo ya ndani, halinisumbui sana. Kovu refu la katikati lililopita kitovu kwenda juu linanisumbua, hasa likiwa la utumbo uliotoboka kwa homa ya matumbo, maana usaha uliotapakaa hushonea utumbo kila mahali. Huyo usimwingizie sindano ya gesi kitovuni kwa kubahatisha. Ingia kwa njia ya wazi, ukiona unachokata, au tumia sehemu ya Palmer: sentimita 3 chini ya mbavu za kushoto, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. Lakini pima wengu kwanza. Mwenye wengu mkubwa, njia hiyo imefungwa.

Bonyeza chini ya mbavu za kulia, mwambie avute pumzi. Akikata pumzi kwa maumivu, hiyo ni dalili ya Murphy, na uvimbe bado upo. Ukiupapasa mfuko wenyewe kama yai chini ya kidole, jua umejaa na hautashikika mpaka uunyonye kwa sindano kwanza.

Uzito: pima, usikadirie kwa macho. Mafuta ya chini ya ngozi yanachosha wakati wa kuingia tu. Yanayoficha pembetatu ni yale ya ndani, na mwanaume mwenye kitambi kigumu huwa nayo mengi kuliko mama mwenye nyonga pana mwenye BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ile ile.

Hatua ya 4: Nenda mwenyewe chumba cha ultrasaundi

Kama kuna hatua moja utakayoichukua humu, iwe hii. Ripoti ya "vijiwe vingi" ni kama kuambiwa nyumba ina watu. Ni wangapi, wako chumba gani, wamelala au wanapigana?

Kwanza hakikisha mgonjwa amefunga saa sita hadi nane. Aliyekunywa chai ya maziwa na chapati mbili asubuhi, mfuko wake umejikunja kusukuma nyongo, na ukuta uliojikunja huonekana mnene. Nimewahi kuona mgonjwa akiandikiwa uvimbe wa mfuko kwa sababu ya chapati.

Kisha omba vitu hivi, na omba namba.

Unene wa ukuta kwa milimita. Zaidi ya 3 si kawaida. Kuanzia 4 ndipo alama zinapoanza kuhesabiwa. Lakini ukuta hunenepa pia kwa moyo kushindwa, kwa homa ya ini, kwa albumini kushuka, na kwa kichocho. Kwa wakazi wa pembezoni mwa Ziwa Viktoria hili la kichocho si la vitabuni. Kichocho cha utumbo huacha makovu kuzunguka mishipa ya ini, presha ya mshipa mkuu wa ini inapanda, wengu unakua, chembe sahani (za kugandisha damu) zinashuka, huku vipimo vya kazi ya ini vikiwa vizuri tu. Ukiingia bila kujua, unakuta mishipa minene kama minyoo kwenye kitanda cha mfuko, pale unapolala kwenye ini. Kwa hiyo mwambie mpimaji asiishie kwenye mfuko: atazame ini, wengu na mshipa mkuu wa ini.

Kijiwe cha shingoni, kinatembea au kimenasa? Hii huwa naisimamia mwenyewe. Mgonjwa akiwa chali kijiwe kinaonekana shingoni. "Mama, geukia kushoto taratibu." Mpimaji anaacha kifaa palepale. Vijiwe vilivyo huru vinaporomoka kama punje za mahindi kwenye kibuyu, unaviona kwa macho. Kile kilichonasa kinabaki, na kivuli chake kinabaki nyuma yake. Inachukua dakika moja, na hiyo dakika moja inakuambia kwamba mfuko utakuwa umejaa, shingo imevimba, na mrija wa mfuko huenda ni mfupi na mnene kuliko klipu (vibanio vya kufungia mrija) ulizonazo.

Majimaji kuzunguka mfuko. Yakiwepo, uvimbe ni mkali, na huenda mfuko umetoboka.

Ukubwa wa mfuko. Mfuko uliosinyaa ndio unaonitisha kuliko wote. Kwenye kioo unaona mstari mweupe wa ukuta, mstari mweupe wa kijiwe, na kivuli kirefu, bila nyongo nyeusi hata tone katikati. Huo umeungua mara nyingi mpaka umekuwa kovu lililobeba mawe. Utaukuta umezama kwenye ini, na shingo yake imevutwa hadi kwenye mrija mkuu.

Upana wa mrija mkuu. Zaidi ya milimita 6 kwa mtu ambaye si mzee sana, tafuta kijiwe ndani yake kabla ya siku ya upasuaji.

Hatua ya 5: Damu, kwa ufupi

Chembe nyeupe, bilirubini, ALP, chembe sahani, muda wa damu kuganda, albumini, sukari, figo, kundi la damu. CRP (kipimo cha damu cha uvimbe) kama ipo. Kwa mwenye uvimbe wa ghafla, Mwongozo wa Tokyo wa 2018, wa kutibu uvimbe wa mfuko wa nyongo, humhesabu kuwa wa daraja la pili akiwa na chembe nyeupe zaidi ya 18,000, au uvimbe unaopapasika wenye maumivu, au zaidi ya saa 72 tangu kuanza, au dalili za kuoza na usaha. Kiungo kingine kikianza kushindwa, ni daraja la tatu, na huyo si wa kuanzia mikono ya mwanafunzi.

Hatua ya 6: Jumlisha alama

Vipimo viko vingi. Ninachokitumia kliniki, kwa kuwa hakidai chochote ambacho hospitali ya mkoa haina, ni cha Randhawa na Pujahari wa India, cha mwaka 2009. Jumla ni alama 15:

– Umri zaidi ya miaka 50: 1
– Mwanaume: 1
– Aliwahi kulazwa kwa uvimbe wa ghafla wa mfuko: 4
– BMI 25 hadi 27.5: 1, zaidi ya 27.5: 2
– Kovu chini ya kitovu: 1, juu ya kitovu: 2
– Mfuko unapapasika: 1
– Ukuta wa milimita 4 au zaidi: 2
– Majimaji kuzunguka mfuko: 1
– Kijiwe kilichonasa: 1

Alama 0 hadi 5 ni mwepesi, 6 hadi 10 mgumu, 11 hadi 15 mgumu sana. Kwa lugha yao, mgumu ni wa dakika 60 hadi 120, au nyongo imemwagika, au mrija umeumia. Mgumu sana ni zaidi ya dakika 120 au tumbo kufunguliwa.

Tumtunge mgonjwa: mzee wa miaka 58, mfanyabiashara wa dagaa, ana kisukari, BMI 29, hana kovu. Hajawahi "kulazwa", ila amewekewa dripu zahanati mara mbili. Ukuta milimita 5, kijiwe hakitembei. Ukifuata herufi za kipimo: 1 + 1 + 0 + 2 + 2 + 1, yaani 7. Ukihesabu zile dripu kama kulazwa, anafika 11. Alama nne hizo zimetoka kwenye swali moja tu. Na kisukari chake hakimo kabisa kwenye kipimo, wala mfuko uliosinyaa, wala ERCP, wala ini bovu. Kwa hiyo chini ya jumla mimi huandika kwa kalamu nyekundu vile visivyohesabiwa, na viwili vikiwepo namhamishia daraja la juu.

Hatua ya 7: Panga kulingana na mahali pa ugumu

Mgumu au mgumu sana awe wa kwanza asubuhi, siku ambayo mwenye uzoefu yupo ndani ya jengo, si kwenye simu. Mitungi miwili ya gesi, na ufunguo wa stoo uwe mfukoni mwa mtu aliyepo. Mashine ya kunyonya ijaribiwe na maji kabla mgonjwa hajalazwa. Seti ya kufungulia tumbo iwe kwenye toroli. Chupa mbili za damu kama ini au wengu vina shaka.

Kwa ugumu wa kushika: sindano ndefu ya kunyonya nyongo, na koleo lenye meno. Kwa ugumu wa pembetatu: kamera ya pembe ya nyuzi 30, nyuzi za kufungia mrija mnene usioingia kwenye klipu, mpira wa kutolea majimaji. Kwa ugumu wa kitanda: nia ya kuacha kipande cha ukuta wa nyuma kwenye ini badala ya kukichimba.

Na kama hospitali yako haina mtu wa kuurekebisha mrija mkuu ukiumia, alama 11 ni barua ya rufaa.

Hatua ya 8: Ridhaa iseme ukweli

"Mzee wangu, nimeuona mfuko wako. Umeungua mara nyingi. Tutaanza kwa matundu madogo. Nikiona njia haionekani, nitafungua tumbo, au nitatoa sehemu ya mfuko na vijiwe vyote, kipande kibaki. Ukiamka ukakuta kidonda kirefu, ujue hatukushindwa, tulikulinda."

Mwite na mke wake au kijana wake asikie. Ndugu aliyeambiwa "matundu manne, kesho nyumbani" akikuta kidonda cha kipimo cha mkono, hakuna maelezo yatakayomwingia.

Andika yote kwenye fomu: kufungua tumbo, kutoa mfuko nusu, kuweka mpira wa kutoa usaha na kurudi siku nyingine.

Hatua ya 9: Weka saa ya kusimama

Kabla ya kuanza, mwambie muuguzi wa kuzunguka: "Baada ya dakika 30 za kuchambua pembetatu, nikumbushe kwa sauti." Ukikumbushwa, jiulize kama umeyaona matatu aliyoyaeleza daktari mpasuaji Strasberg mwaka 1995: pembetatu imesafishwa mafuta na makovu, theluthi ya chini ya mfuko imebanduka kwenye ini, na vitu viwili tu, viwili pekee, vinaingia kwenye mfuko. Havijaonekana, usikate chochote. Mwite mwenzako. Kisha chagua moja ya yale mgonjwa aliyoyasaini.

Hatua ya 10: Daftari

Nina daftari la kaunta la kurasa 200. Safu ya kwanza alama nilizotabiri, ya pili mahali nilipodhani ugumu utakuwa, ya tatu nilichokuta, ya nne kile nilichokosa kuuliza. Safu ya nne ndiyo ninayoirudia mara nyingi.

Mmoja ni mama wa miaka 36, mwembamba, alama 0, niliyempangia dakika 40 nikampa daktari wa mafunzo aanze. Tulikaa saa tatu. Shingo ya mfuko ilikuwa imegandamana na duodenamu (mwanzo wa utumbo mdogo), tukaishia kutoa mfuko nusu. Siku ya pili, wodini, akinywa uji, aliniambia kwamba alipokuwa na mimba ya mtoto wa pili alilala ndani wiki mbili kwa maumivu yale yale, akaambiwa ni mimba inamsumbua. Tangu hapo kila mama kliniki namuuliza: "Na ulipokuwa mjamzito, tumbo la juu lilikuwaje?"